Nenda Kaninunulie Sigara Kwanza

Fundi aliyenifundisha kazi hakuwa mvutaji sana wa sigara. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimeshakaa kwake kama mwaka hivi, siku moja ameinama sijui anatafuta bisibisi gani nikaona pakiti mfukoni kwake imejaa, haijafunguliwa, na dakika kumi tu zilizopita alikuwa amenituma dukani nikamnunulie mbili.

Hiyo ni 1996, Gerezani, hapahapa Dar. Mimi saidia fundi, kazi yangu ni kuosha vyuma kwa petroli, kushika tochi, kulala chini ya gari na kushusha gia boksi inayokuja na mafuta yake yote usoni. Kufungua na kufunga aliniachia, hakuwa na shida na hilo. Ila kila tukifika kwenye kuseti taimingi au kutuni kabureta, ile inayochanganya hewa na mafuta, zile Peugeot 504 na Datsun za enzi hizo, ananyoosha mgongo anasema, "Dogo, nenda kaninunulie sigara kwanza." Nikirudi nakuta gari inaunguruma imetulia, sailensa safi (yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), yeye anajifuta mikono na kitambaa kama vile hajafanya kitu. Nikawa natumwa sigara naenda mbio narudi mbio, nachungulia kwa nyuma ya ukuta. Nusu ya ninayoyajua kuhusu kabureta niliyaibia pale ukutani.

Simlaumu. Yaani zamani nilikuwa namlaumu, saivi simlaumu, kwa sababu nimekuwa na gereji yangu tangu 2003 na nimeona kwanini watu wanaficha. Gereji zetu nyingi fundi halipwi mshahara, analipwa kwa gari. Gari imeingia inamisi, yaani injini inakatakata, fundi anayejua kuitibu ndo anaichukua, na anayejua peke yake ndo mteja anakuja anamuulizia kwa jina. Ukimfundisha mwenzako umejipunguzia magari. Kwahiyo watu wakisema mafundi wachoyo mi huwa nanyamaza tu, maana ukikata mkate wa mtu namna hiyo alafu ukamwambia awe mkarimu unamtania.

Shida ni kwamba ile njia ya kuficha ilifanya kazi zama za kabureta kwa sababu kabureta haikubadilika. Ujuzi ulioficha ukiwa na miaka 25 ulikuwa bado unakulisha ukiwa na 50. Sisi wa baada hapo hatukupata bahati hiyo.

Kwanza ilikuja EFI, Corolla na Carina za Japani zikajaa mjini, ukifungua boneti unatafuta kabureta huioni, unakuta nozeli na waya na ki-kompyuta kimejificha nyuma ya dashibodi. Tukajifunza kwa kupigwa. Ikaja D4, na mnaokumbuka mnajua watu walivyokuwa wanaambiana usinunue gari yenye D4, ukweli ni kwamba gari ilikuwa na pampu ya presha kubwa na inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, sisi tukawa tunaisafisha kama tunavyosafisha ya kawaida alafu tunashangaa inazidi kuharibika, wengine wakawa wanashusha injini nzima wanaweka nyingine ya kawaida na kuita hiyo matibabu. 2016 zikaja hizi teksi za kuita kwenye simu, kufumba na kufumbua kila gari ya tatu inayoingia ni Toyota IST inayotembea kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, na dereva anataka gari yake leo hii maana ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari. 2017 gereji yangu ya Kimara pembeni ya barabara ya Morogoro ikapigwa X nyekundu, barabara inapanuliwa, nikahamishia vyuma Mbezi kwa ndani huko ambako wateja wangu nusu hawakufika tena. 2020 corona, magari yakapungua kabisa. 2022 petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita na watu wengi wakaanza kufunga mitungi ya gesi kwenye buti ili gari itembee kwa gesi badala ya petroli.

Naandika hivi kama vile niliyaona yakija. Sikuliona hata moja. Kila moja lilinikuta nimetulia, nimejisemea sasa hapa nimeshaijua kazi.

Sasa nisimulie ile IST maana ndo ilinifundisha, na ni aibu yangu, siyo ya mtu mwingine.

Ilikuja taa ya cheki injini imewaka, sailensa inapanda inashuka, ukisimama kwenye foleni inataka kuzima. Dereva kijana mstaarabu, kila sentensi "shikamoo mzee, nisaidie mzee." Nilikuwa nimeshanunua mashine ya kupimia, ile ndogo ya kuchomeka chini ya usukani inayoongea na simu, nikachomeka ikaleta kodi ya ugonjwa, P0171. Kwa lugha nyepesi, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Mi nikaona mashine imesema, basi nikabadilisha sensa ya oksijeni. Ikakaa siku mbili taa ikarudi. Nikabadilisha plagi na kusafisha nozeli. Ikarudi. Nikamwambia anunue sensa ya hewa, ile inayokaa baada ya filta. Akanunua, ikarudi. Kijana sasa ametumia hela ya wiki mbili za kazi, na hiyo shikamoo yake imeanza kuwa ya baridi.

Pale gereji nilikuwa na dogo mmoja, saidia fundi, mkimya, muda wa chakula anakaa pembeni na simu yake anaangalia YouTube za Wahindi wanafungua injini bila sauti. Siku ya nne ya ile gari akaniuliza, "Mzee, naweza kuangalia namba?" Nikamwambia angalia, kwa sauti ile ya kumwambia mtoto haya cheza. Akachomeka mashine, hakuangalia kodi kabisa (hiyo kodi ya mashine, siyo ya TRA), akaenda sehemu nyingine ambayo mi sikuwahi hata kuifungua, zinapanda namba zinatembea zenyewe. Akanionyesha moja. "Mzee hapa kompyuta inaongeza mafuta asilimia 28 gari ikiwa sailensa. Ona sasa." Akakanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ya injini ukafika kama 2,500 akashikilia pale. Namba ikashuka, 20, 14, ikakaa kwenye 6. Akaachia, ikapanda tena 28.

Akasema haelewi maana yake. Ameona tu inafanya hivyo.

Na mimi nikiwa nimesimama pale na mikono yangu ya grisi nikasikia kitu kimeshuka tumboni, kwa sababu mimi maana yake nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua tangu Gerezani. Kama hewa inaibiwa mahali, inaiba ileile kidogo muda wote, sasa gari ikiwa sailensa inavuta hewa chache kwahiyo ule wizi unaonekana mkubwa, ukikanyaga mafuta inavuta hewa nyingi na ule wizi unamezwa hauonekani. Kwenye kabureta hatukuwa na namba, tulikuwa tunasikia kwa sikio, ila ugonjwa ni uleule. Nikaenda kwenye boksi langu la spana, chini kabisa, nikatoa kipande cha mpira wa maji, urefu kama futi mbili. Ncha moja nikaweka sikioni ncha nyingine nikawa nazungusha taratibu kwenye inteki, njia ya hewa kuingia kwenye injini, injini inaunguruma. Nikafika kona ya nyuma kule, karibu na silinda ya mwisho, nikaisikia. Sssss. Nyembamba kama mtu anavuta mate katikati ya meno.

Ilikuwa gasketi ya inteki. Zile injini za 1NZ, kama ya hiyo IST, ile gasketi inakuwa ngumu ikizeeka, inakakamaa inaacha upenyo. Kimpira cha bei ya sahani mbili za wali nyama. Tulibadilisha, namba ikakaa kwenye 3, taa haikuwaka tena.

Alafu dogo akaniuliza ule mpira wa nini. Miaka minne yupo na mimi hakuwahi kuuona! Kila nilipoutumia nilikuwa nimemtuma mahali. Sikuwa namtuma sigara, mi sivuti. Nilikuwa namtuma vocha.

Hapo ndo nilipokwama, na mpaka leo nikifikiria nakosa raha. Ile gari ilikaa siku nne kwa sababu ujuzi wa kuitibu uligawanyika vichwa viwili vilivyokuwa mita tatu kutoka kimoja hadi kingine. Yeye ana namba hana maana, mi nina maana sina namba. Na aliyezuia visikutane ni mimi bosi.

Kwahiyo nikafanya mambo mawili matatu, sio kwa mpango sana. La kwanza nilinunua kaunta buku kubwa, kwaya tatu, nikasema kila gari itakayotusumbua tunaandika: ilikuja inalia nini, tulidhani nini, ilikuwa nini. Katikati hapo, tulidhani nini, ndo nilisisitiza, maana majibu ya mwisho hata YouTube yapo, makosa yetu wenyewe hayapo popote. Ukurasa wa kwanza niliandika ile IST mwenyewe, na hela ya mteja niliyopoteza nikaiandika. (Nilimrudishia ya sensa moja. Zote sikuwa nayo.) Usidhani lilipokelewa vizuri. Mwezi mzima hamna aliyeandika zaidi yangu na dogo, alafu siku moja nakuta kurasa sita zimechanwa, nauliza, kumbe mtu amefutia plagi. Mwingine mwandiko wake mpaka leo tunausoma kwa kumpigia simu.

Lililosaidia kweli lilikuwa hela. Nikabadilisha malipo. Zamani aliyefunga ndo anakula, nikasema sasa aliyegundua ugonjwa ana fungu lake hata kama hakushika spana, na aliyemuonyesha mwenzake kitu ambacho mwenzake alikuwa hajui, gari ya kwanza huyo mwenzake atakayoitibu peke yake, mwalimu ana elfu kumi. Wakacheka. Wiki ya pili nikasikia fundi wangu wa gia boksi, mtu mzima mwenzangu, mgumu yule hata chumvi hakuazimi, anamwita kijana, "Njoo hapa uone, alafu bosi akiuliza sema nani kakuonyesha." Hakuna hotuba ningetoa ikafanya hivyo.

Katikati hapo nikaenda na mimi kupimwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ule utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi tuliojifunzia mtaani. Sikutegemea kuona ugumu, miaka zaidi ya ishirini kazini jamani. Kufunga nilifunga vizuri. Ila mpimaji akawa ananiuliza kwanini, kwanini unakaza bolti za kichwa cha injini kwa mpangilio huo, kwanini unaanzia katikati, na mi najua jibu mikononi, mdomoni halipo. Nikajiona kama nimerudi kushika tochi. Cheti nilipata, kipo ukutani, ila nilichotoka nacho pale ni lile swali, na nikirudi gereji nikawa nalitumia mpaka vijana wakaanza kunikwepa.

Dogo nikamlipia kozi fupi ya umeme wa magari. Hela yangu mwenyewe, na nilimwachia saa zake za asubuhi. Akamaliza vizuri sana. Miezi minne baadaye akaja jioni, ameoga, amevaa shati, nikajua. Akasema mzee nakushukuru, wewe ni kama baba yangu, nimepata sehemu Goba nataka kujaribu. Nikamwambia sawa mwanangu, Mungu akutangulie. Akaondoka na wateja wangu wanne ninaowajua, huenda na wengine nisiowajua.

Nitasema ukweli hapa maana makala za namna hii watu huwa wanaruka hiki kipande. Nilikasirika vibaya mno. Yaani mke wangu alichoka kunisikiliza. Daftari nikalifungia kabatini, malipo ya elfu kumi nikayasitisha kimyakimya, na siku moja nipo na Noah moja, nimeinama naseti kitu, saidia fundi mpya amenisogelea anaangalia kwa makini, nikasikia mdomo wangu unasema, "We, hebu nenda kaniletee vocha." Akaenda. Mtoto wa watu akaenda mbio, kama nilivyokuwa naenda mimi.

Sikubadilika siku hiyo. Nilijiona tu, nikaendelea. Kilichonibadilisha ni gesi, na ni kwa sababu ya tumbo. Gari za gesi zikawa nyingi, madereva wanasimama foleni ndefu kujaza lakini wanaona bora, na zikaanza kuja kwangu. Kufunga mitungi mi sifungi, hiyo ina watu wake wenye vibali, mtungi unakaa na presha ya bar 200 siyo kitu cha kubahatisha. Ila zinakuja zinamisi. Kwenye petroli gari nzima kabisa, ukihamishia gesi inatetemeka. Tukahangaika na mfumo wa gesi wiki nzima, kila fundi na lake, kila mmoja kimya kwenye kona yake, kama zamani. Kumbe gesi inataka moto mkali kuliko petroli, koili iliyochoka au plagi iliyopanuka mdomo petroli inaivumilia, gesi haiivumilii. Kijana mmoja kati ya hao hao wangu alikuwa ameshaligundua tangu Jumanne. Alikaa nalo mpaka Jumamosi. Nikamuuliza kwanini hukusema, akaniangalia tu, na jibu wote tulilijua. Daftari lilikuwa kabatini.

Nikalitoa. Kurasa za gesi ni nyingi sasa kuliko za kitu kingine chochote mle.

Mwezi uliopita ikaja Toyota Aqua, haibridi, zile za petroli na umeme, mama mmoja mwalimu, dashibodi imewaka pembetatu nyekundu. Ameshapita sehemu moja kabla yangu wameshamwambia anunue betri kubwa mpya, ametajiwa hela ambayo angeweza kununua pikipiki mbili. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaona zile waya za rangi ya chungwa, nikafunga mlango. Mi umeme wa volti 12 nauchezea, ule wa waya za chungwa unaua. Nikakaa kwenye ndoo nikaangalia simu kama robo saa. Alafu nikampigia dogo wa Goba.

Hakuuliza habari za miaka yote hiyo. Alisema, "Shikamoo mzee. Usiguse kitu. Zima gari, funguo weka mbali, nakuja."

Alikuja na pikipiki, begi mgongoni, ameanza kitambi kidogo. Akatoa glavu nene za mpira, hakuzivaa kwanza, akazikunja kuanzia mdomoni kwenda vidoleni mpaka hewa ikajaa zikavimba kama mkono wa mtu, akaziweka karibu na shavu anasikilizia kama kuna tundu linavuja. Akanitazama akacheka, "Ule mpira wako mzee." Akatoa waya wa betri ndogo, akavaa glavu, akaingia chini ya kiti cha nyuma akachomoa kitu kama kishikio cha rangi ya chungwa. Nikadhani atakiweka juu ya boneti. Akanipa mimi.

"Weka mfukoni. Kikiwa mfukoni kwako hakuna mtu atakayekirudisha mimi nikiwa mle ndani na mikono yangu."

Nikakiweka. Alafu akasema tunasubiri dakika kumi, umeme uliobaki ushuke. Vijana wangu wote wamesogea, kaunta buku iko wazi juu ya tairi, anaandika yule mwenye mwandiko mbaya. Ilikuwa feni ya kupoza betri, ile inayovuta hewa pembeni ya kiti, imejaa vumbi la Mbezi na nywele mpaka haizunguki. Tuliisafisha kwa brashi ya meno. Betri haikuwa na tatizo lolote.

Akanitoza elfu hamsini. Nikamwambia mwanangu, mimi ni kama baba yako, ulisema mwenyewe. Akasema ndiyo mzee, wengine nawatoza themanini. Alafu akamgeukia saidia fundi wangu mpya aliyekuwa amesimama karibu kabisa, macho yamemtoka, na mi tayari nilikuwa nimeshaanza kutoa elfu kumi nyingine.